Aliyekula Chumvi Nyingi

Waswahili humsifu mtu mzima kwa kusema kwamba amekula chumvi nyingi. Ni sifa ya umri na ya kuona mambo, na mwenye kusifiwa hivyo huinamisha kichwa kidogo kwa haya, kama ilivyo adabu. Hakuna aliyepata kuuliza ni chumvi kiasi gani, wala ilikwenda wapi baada ya kuliwa. Swali hilo washairi waliwaachia waganga, na waganga nao walichelewa kuliuliza.

Huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki mkoani Mara, yuko mstaafu mmoja ambaye majirani humwita Ticha. Kwingineko angeitwa Mwalimu, kwani amesomesha skuli za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini Butiama neno hilo lina mwenyewe, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na akazikwa hapo hapo, Mwitongo, mwaka 1999, na hapana mwingine anayethubutu kulivaa. Ticha haoni vibaya. Hupenda kusimulia jinsi alivyokuwa akiwasomea watoto *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya jirani yake huyo mkubwa iliyotoka mwaka 1969, na jinsi darasa zima lilivyokuwa likinyamaza pale mdai anapoambiwa achukue ratili yake ya nyama, ila asimwage hata tone moja la damu.

Akiwa na miaka 64 alikwenda hospitali kutafuta miwani. Msichana aliyekuwa akipokea wagonjwa akamfunga mkono kwa kipimo, akasoma, akampumzisha, akasoma tena: 178 kwa 104. Hapo habari ya miwani ikakaa kando. Akapimwa damu na mkojo, mkojo ukaonekana unavuja protini. Miezi mitatu baadaye vipimo vikarudiwa, vikatoka vile vile, na daktari, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, akamweleza kwamba mafigo yake yamebakiwa na kama asilimia 44 ya nguvu zake.

"Lakini mimi siumwi kitu, mwanangu," alisema Ticha.

"Shida yenyewe ndiyo hiyo, mzee wangu. Figo haliumi. Likija kujisema, mara nyingi huwa limekwisha."

Mafigo yote mawili ya mtu mzima yakiwekwa kwenye mizani hayafiki ratili moja. Hata hivyo nyama hiyo kidogo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, usiku na mchana. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vidogo wastani wa milioni moja, na kwa siku huchujwa humo lita zipatazo 180 za maji, yakarudishwa karibu yote mwilini, ikabaki lita moja na nusu au mbili ya kwenda haja. Mdai wa Venisi alitakiwa achukue nyama pasipo damu. Nyama hii haina kazi yoyote pasipo damu. Basi damu ikija kwa kishindo mwaka hadi mwaka, vichujio hukakamaa na kufa, na kichujio kilichokufa hakioti tena. Vilivyobaki hubebeshwa mzigo wa wenzao, navyo huchakaa upesi zaidi. Figo lililochoka nalo hushindwa kutoa chumvi na maji, presha ikazidi kupanda. Maradhi mawili hulishana kwa sahani moja, na mara nyingi haijulikani ni lipi lililobisha hodi mwanzo.

Ticha akauliza kuhusu dawa ya kumponya. Akaambiwa hapana, ila iko njia ya kuchelewesha. Mbele ya njia hiyo kuna kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila wiki, maisha yote. Au kupandikizwa figo la mtu mwingine, upasuaji ambao nchini Tanzania ulianza kufanyika Muhimbili mwezi wa Novemba 2017. Alipiga hesabu ya nauli peke yake, nauli tu, akanyamaza.

La kustaajabisha ni kwamba nchi hii ya kando ya Ziwa imo katika vitabu vya uganga kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii, si mbali na mpaka wa Mara, aliandika katika jarida la *The Lancet* kwamba alipima presha za Waafrika 1,000, na kwamba kwa muda wa miaka miwili, katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakumwona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Kwa Wazungu presha ilikuwa ikipanda kadiri umri unavyokwenda. Kwa watu wale, baada ya miaka 40, ilishuka. Mtu anaweza kutilia shaka hesabu za daktari wa kikoloni, na pengine ni haki kufanya hivyo. Lakini mwaka 1990 lilichapishwa jambo jingine lililomsogeza karibu na ukweli: watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kandokando ya Ziwa wakaenda kuishi Nairobi, wakaona presha zao zimepanda katika miezi ya mwanzo mwanzo tu. Walikuwa watu wale wale, damu ya ukoo ule ule. Kilichobadilika ni mkojo: chumvi ndani yake iliongezeka, na potasiamu, ambayo hutoka katika mboga, matunda na viazi, ikapungua. Uzito nao uliongezeka. Yaani mji uliwaingia kwa mdomo.

Leo hapana haja tena ya kupanda basi la Nairobi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Tanzania wana presha. Na Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta zaidi ya wanane katika kila wagonjwa kumi wa kisukari wanaotibiwa hapo wana dalili za maradhi ya mafigo. Mji umewafuata watu vijijini, umefungwa katika pakiti.

Mkewe Ticha ndiye aliyeifungua pakiti hiyo. Daktari alisema chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, nacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu yeyote mzima, mzima au mgonjwa. Mama yule hakubishana. Alinunua pakiti ya nusu kilo, akaandika tarehe kwa mkaa ukutani, akapika kama kawaida. Watu watano waliimaliza kwa siku kumi: gramu kumi kwa kila mdomo. Na hiyo ni ile inayoonekana. Kulikuwa na vidonge vya mchuzi. Kulikuwa na kayabo, sangara wa chumvi, ambaye ni kwa Ziwa kama ng'onda na papa mkavu walivyo kwa watu wa pwani. Na kulikuwa na magadi.

Magadi ndiyo yaliyoleta ugomvi. Mboga za majani za nchi hiyo, mlenda hasa, na hata maharage, hutiwa magadi kidogo ili zilainike na kuiva upesi, na kuni ziokoke. Wiki tatu nzima Ticha alikula bila chumvi, kwa uso wa mfiwa, na presha haikushuka kwa kiasi kilichotarajiwa, mpaka muuguzi alipouliza nini hasa kinaingia chunguni. Ndani ya magadi mna sodiamu ile ile inayokimbiwa. "Mama yangu alipika hivi, na bibi yangu, nao walikufa wazee," alisema mkewe. Alikuwa akisema kweli. Ila bibi yake hakuwa na pakiti, vidonge wala kayabo juu ya magadi yake.

Kilichoandikwa vitabuni juu ya chakula cha mgonjwa wa figo ni rahisi kukiandika. Kati ya mwaka 1939 na miaka ya arobaini, daktari Walter Kempner, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwalisha wagonjwa wa presha kali na mafigo wali mtupu, matunda na sukari, bila chumvi, na baadhi yao walipata nafuu iliyowashangaza wenzake. Wali usio na nazi, usio na chumvi, asubuhi na jioni! Mtu wa Unguja angeona afadhali presha. Siku hizi hapana anayetakiwa kuishi hivyo. Ugali wa mtama na muhogo Ticha aliachiwa. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi aliachiwa pia, kwa kiasi, kwani protini ikizidi huyaongezea mafigo kazi, na ikipungua mno mwili hudhoofu: gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Ndizi alitaka kuzisusa mwenyewe, kwa kuwa alisikia potasiamu ni sumu kwa wenye figo. Daktari akamkataza kususa. Kwa aliyefika hatua yake, na damu haijaonyesha potasiamu kuzidi, ndizi na viazi ni rafiki wa presha. Siku damu ikisema vingine, ndipo vitapunguzwa. Kilichoondolewa mara moja ni diklofenaki aliyokuwa akimeza kwa ajili ya magoti, dawa inayouzwa kila duka na inayoyabana mafigo kimyakimya.

Mahali pa chumvi mkewe aliingiza ndimu, thaumu, tangawizi na pilipili manga. Binti yao aliyeko Mwanza alileta karafuu, akiambiwa sokoni kuwa ni za Pemba.

Ama vidonge vya presha, vina hadithi yake. Kaptopril, ya kwanza katika ukoo wake, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na kuchunguzwa kwa sumu ya nyoka wa Brazili. Dawa za ukoo huo haziishii kushusha presha ya mkono. Hulegeza na msukumo ndani ya kichujio chenyewe, protini ikapungua kuvuja. Ya kwanza aliyopewa Ticha ilimletea kikohozi kikavu, kama inavyowatokea wengi, akabadilishiwa losartani. Kisha akafanya wanavyofanya watu: alipoona 128 kwa 78, alidhani amepona, akaacha. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa 166. Tangu siku hiyo mkewe huhesabu vidonge kila Ijumaa, na Ticha, aliyehesabu madaftari ya watoto maisha yake yote, hukaa pembeni akihesabiwa.

Lililomuuma kuliko yote ni sahani. Kwa miezi sita walipika vyungu viwili, cha Ticha na cha nyumba. Akija mgeni, mzee alikula kando, na katika nchi ile mwenye nyumba kula kando na mgeni wake ni jambo la kuulizwa. Matangani alipewa pilau akaila yote, kwa kuona haya, akalala na miguu imevimba. Alisema wazi kwamba mashine ya kusafisha damu haimtishi kama kula peke yake.

Mafigo yake, kwa kipimo cha mwisho, yalikuwa asilimia 43. Mwaka mzima umepita na yamepoteza moja.

Desemba mwanawe mkubwa, dereva wa bodaboda mwenye miaka 36, alimpeleka baba yake kliniki, na muuguzi akamwomba naye atoe mkono. 152 kwa 96. Akasema ni vumbi na mwendo. Akapumzishwa nusu saa: 150 kwa 94.

"Mimi siumwi kitu," alisema.

Ticha hakumjibu. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe namba zile, zote nne, polepole, kama imla. Jioni ile kilipikwa chungu kimoja.