Kabla Hujamwita Muuza Gesi Mwizi

Mtu wangu, kabla hujamwita muuza gesi mwizi, pima mtungi kwanza. Mimi sikupima.

Mamangu anapika chai na chapati hapa Malaba, kando ya foleni ya malori. Alfajiri madereva wana njaa, kwa hivyo jiko kubwa hufunguliwa mpaka mwisho. Asubuhi moja ya mvua, moto ukaanza kufifia katikati ya kazi. Mtungi wa kilo 13, siku tatu tu tangu tuununue! Nikaubeba hadi kwa mzee wa gesi, nikamfokea mbele ya wateja: "Mzee, umetuuzia hewa!"

Hakunijibu kwa hasira. "Kijana wangu, twende kwa mizani."

Tukaenda kwa jirani anayeuza mahindi. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chenyewe, tukautoa. Zilibaki kilo 7 za gesi. Nilikosa pa kuweka uso.

Jibu nililipata baadaye kwa video ya mtu anayelenga makopo kwa bunduki ya hewa inayotumia gesi ya kaboni dioksidi. Akifyatua harakaharaka, risasi zinapungua kasi. Akiongeza nguvu, kila risasi inakula gesi zaidi na bunduki inapoa upesi. Akiipumzisha, nguvu inarudi.

Si huo ndio mtungi wetu? Ndani, gesi ni kimiminika. Ili igeuke mvuke inahitaji joto, na inalitoa kwenye kimiminika chenyewe na chuma cha mtungi. Ukifungua sana, mtungi unapoa, unatoka jasho, presha inashuka. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na butani huacha kuchemka ikikaribia nyuzi 0. Propani ndiyo hutangulia kuisha, kwa hivyo mtungi uliotumika huchoka upesi zaidi. Gesi ipo, ila imekosa nguvu ya kutoka.

Siku hizi mama ana mitungi miwili. Mmoja ukipoa, anapunguza moto au anabadilisha. Na tafadhali, usiweke mtungi kwa maji yanayochemka wala kando ya makaa. Presha ikipanda kupita kiasi, utaunguza nyumba.

Nilirudi kumwomba mzee msamaha, akanisamehe. Lakini wale wateja walionisikia nikimwita mwizi hawakuwepo siku hiyo. Ndio maana naandika hapa, labda mmoja wao atasoma.