Musira: Kilima cha kwanza cha mtoto, na somo la ziwa

Watoto wengi wa Kagera wamezaliwa karibu na Ziwa Victoria lakini hawalijui. Wa Rubya na vijiji vingine vya Muleba vilivyo mbali kidogo na ufukwe, katikati ya migomba na kahawa, hulikuta kwenye sahani tu: sato, sangara, dagaa. Wa Bukoba mjini huliona kila siku wakienda shule. Waliowahi kukaa ndani ya mtumbwi ni wachache.

Sababu tunaijua sisi wazazi. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo, na zaidi ya watu 800 wakapoteza maisha. Familia nyingi za huku zilizika, na nyingine hazikupata hata mwili wa kuzika. Tukakua tukiambiwa tukae mbali na maji, nasi tunawaambia watoto wetu vivyo hivyo.

Hofu hiyo ina haki yake. Lakini mtoto aliyekatazwa ziwa bila kufundishwa, siku moja atakwenda mwenyewe na wenzake, bila mtu mzima. Heri aende nawe.

Pa kuanzia ni Musira, kisiwa cha majabali kinachotazamana na mji wa Bukoba. Kwa safari ya siku moja mtoto anavuka ziwa, anapita kijiji cha wavuvi na kanisa lake, anapanda kilima mpaka juu, na jioni yuko mjini. Familia inayotoka Rubya ilale Bukoba kwa ndugu usiku wa kuamkia safari, ili asubuhi isiwe ya kukimbizana na basi.

Kabla ya kuvuka

Likizo ya Juni inafaa. Machi hadi Mei Bukoba hunyeshewa sana, Aprili ikiongoza, na kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua. Hata hivyo kiangazi hakiondoi upepo. Ukifika mwaloni, muulize mvuvi kama ziwa linafaa kwa watoto leo. Akisema subirini, subirini. Akisema leo hapana, nunueni samaki mrudi mjini, kisiwa hakihami.

Kila mmoja, pamoja na wewe mzazi, avae jaketi la kuokolea, na la mtoto limkae mtoto. Likimpwaya linamvuka kichwani akiingia majini. Chombo kisicho na majaketi, au kilichojaza watu na mizigo, msikipande hata kama nauli yake ni ndogo. Mpangane bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kufuatwa, kabla hamjaondoka. Ndani ya chombo watoto wakae chini, mikono ndani, na asisimame mtu kupiga picha.

Mwambie mtoto kwa nini. Wahaya wa kale walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na hawakuingia majini kwa dharau. Leo tunasali kwa namna nyingine, lakini adabu ile mbele ya maji haijapitwa na wakati.

Kijijini na kanisani

Mkishuka, jambo la kwanza ni kujitambulisha kwa uongozi wa kisiwa. Hapa ni nyumbani kwa watu. Watoto wawaamkie wakubwa, wasikanyage dagaa walioanikwa wala nyavu, na wasimpige mtu picha bila kuomba. Omba mwenyeji wa kuwaongoza, na umlipe mliyokubaliana.

Njia ya kupanda inapita karibu na kanisa dogo la Waorthodoksi. Kwa watoto waliozoea makanisa makubwa ya Kikatoliki na ya Kilutheri ya huku bara, ni nafasi ya kuona kwamba nyumba ya sala si lazima iwe kubwa. Wanyamaze wanapopita, na wakikaribishwa ndani wavue kofia.

Mwenyeji wenu atawasimulia pia kwamba enzi za wafalme wa Kihaya, abakama, kisiwa hiki kilikuwa gereza. Mtoto wa darasa la nne ataelewa haraka: maji ndiyo yaliyokuwa ukuta.

Mpaka juu

Kupanda si kazi kubwa. Mtoto wa darasa la pili anafika kwa miguu yake akipumzishwa mara mbili tatu. Avae viatu vilivyofungwa, si kandambili, maana mawe huteleza yakiwa na umande. Bebeni maji ya kunywa, kofia, na ndizi za kuchoma au karanga. Kwenye majabali kuna mahali pa kuanguka, kwa hiyo mkono wa mdogo uwe mkononi mwako, na asikimbie mtu kileleni.

Juu mtaona mji wote wa Bukoba umelala chini ya vilima vyake, na uwanja wa ndege unaoishia majini. Hapo waeleze watoto habari ya Novemba 6, 2022. Ndege ya abiria iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua. Watu 19 walikufa, 24 wakaokolewa. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Walifika kwa sababu ziwa walikuwa wakilijua.

Mkishuka mtatamani kuoga. Usiwaruhusu watoto kuingia kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye magugu: ndipo wanapokaa konokono wa kichocho. Muulize mwenyeji pia kuhusu mamba. Kunawa mikono na uso kwa maji mliyobeba kunatosha.

Ziwa lile lile lililotupokonya watu mwaka 1996 ndilo wavuvi walilolikimbilia mwaka 2022 na kurudi na watu hai. Watoto wetu wataishi kando yake maisha yao yote. Tukiwarithisha woga peke yake, tumewapa nusu ya tunachokijua. Nusu nyingine ni kusoma upepo, kufunga jaketi, kukataa chombo kilichojaa na kumsikiliza mvuvi, na hayo mtoto hujifunza akiwa na mzazi wake.