Karatasi na Moto

Siku moja nilikunja karatasi kama kikombe, nikatia maji kidogo, nikaishika juu ya mshumaa. Niliwaambia wanafunzi: «Tazameni, haitaungua.» Mara ukingo wake ukashika moto! Wote wakacheka, nami nikaona haya. Lakini mtoto mmoja mdogo akasema: «Frère, pale juu hapakuwa na maji.»

Alisema kweli. Maji huondoa joto katika karatasi, nayo yakichemka hayapiti digri 100. Karatasi haiwaki mpaka ipite digri 200.

Nikakunja nyingine, nikajaza maji mpaka juu. Maji yakachemka, karatasi ikabaki nzima.

Watoto, mkiona kosa, msicheke tu. Tafuteni sababu yake, kama yule mdogo.