Jiko la gesi lililovikwa kitambaa



Mwezi uliopita nilikwenda delta kumjulia hali shangazi yangu. Pale Nyamisati wenzetu wa Mafia hupanda kivuko kwenda Kilindoni, sisi tunapanda mashua tunaingia mitoni. Njiani nikaona upande mmoja mikoko imefyekwa, visiki vimesimama kwenye maji, na katikati yake mpunga. Nilipokuwa msichana pale palikuwa na giza la miti.

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mahali pengine Afrika Mashariki, takriban hekta 53,000. Kambamiti na kaa wanakulia humo. Mtu akifyeka, misimu michache ya mwanzo anavuna vizuri, halafu magugu na chumvi vinamshinda, anasogea mbele kufyeka tena. Ni hifadhi ya Serikali na kila mtu anajua. Shangazi pia anajua, na lile shamba la mpunga niliambiwa ni lake.

Usiku nikamwambia. Nikamletea na ya darsani, jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mche uko mkononi mwako, upande. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hayo nimeyajua kabla hujazaliwa. Shamba la bondeni lilichukuliwa na maji. Nikiacha hili, wewe utaniletea mchele mpaka lini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa napiga hesabu ya magunia kichwani.

"Na lile jiko lako la gesi, bado umelivika kitambaa?"

Jamani! Jiko lile nililinunua kwa fedha za kikoba, nikalifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, likakaa mezani kama bi harusi. Mimi napikia mkaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Nadhani akija mtu kuhesabu majiko, mimi nitahesabiwa.

Sababu zangu ni hizi, msinicheke. Mkaa nanunua kopo la elfu moja, kesho nanunua jingine. Mtungi ukiisha unataka pesa yote siku hiyohiyo, na siku hiyo mteja kachukua gauni kasema atalipa Ijumaa. Halafu kuna wali wa nazi. Wali bila kupalia makaa juu ya mfuniko haukauki vizuri, na mume wangu anajua kwa kijiko cha kwanza. Ule mkaa umetoka msitu gani, sijawahi kumuuliza muuzaji hata siku moja.

Kwa hiyo shangazi hana tofauti na mimi, isipokuwa yeye kisiki chake kinaonekana.

Nimekumbuka mifuko ya plastiki. Zanzibar waliikataa mapema, huku bara ikakoma tarehe 1 Juni 2019. Nilidhani watu watagoma. Mimi fundi nikaona riziki, nikashona mifuko ya vitenge, nikauza michache tu, kwa sababu dukani tayari kulikuwa na mifuko mbadala ya bei ndogo. Watu waliacha plastiki bila kuhutubiwa sana. Kilichokuwa mkononi kilibadilishwa na kingine kilichokuwa mkononi vilevile. Shangazi hakuna aliyempa cha kushika badala ya lile shamba. Anayefika kwake anafika na katazo, nami mpwa wake nilifika na darsa.

Niliporudi Kibiti nilimtumia mchele kilo 25. Najua haufiki mbali. Kitambaa nimekitoa. Chai, uji na mboga sasa ni gesi, na kila nikiuza gauni natenga elfu mbili ya mtungi kwenye kopo la vifungo. Wali bado ni mkaa.

Nyinyi mnaopika wali wa nazi kwa gesi, mnaupalia vipi? Niambieni, maana mume wangu kanipa mpaka Ramadhani.