Siku Tatu Walesi, Katika Milima ya Papua



Wasomaji wetu wapenzi, itajwapo Indonesia sisi watu wa pwani hukumbuka mahujaji wake, ambao huwa ndio wengi kuliko wa taifa lolote, au hukumbuka Jakarta na misikiti yake. Wachache miongoni mwetu wajuao kwamba nchi hiyo hiyo, mwisho wake wa mashariki, ina milima ambayo kilele chake kirefu chapita mita 4,800, na ambayo miaka iliyopita ilikuwa na barafu ilhali haiko mbali na mstari wa ikweta. Hapo ni Papua, nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea.

Mola alinijaalia kufika huko baada ya shughuli za masomo zilizonipeleka Jakarta. Tuliruka usiku kucha hadi Sentani, kando ya mji wa Jayapura, kisha tukapanda ndege ndogo kuelekea Wamena. Safari hiyo ya pili haikufika saa moja, lakini chini yetu hamkuwa na nyumba wala njia, ila msitu na mawingu. Ghafla milima ikafunguka na bonde pana likaonekana, mashamba yake yamekatwa mitaro kama mkeka uliofumwa. Hilo ndilo Bonde la Baliem, lililo mita 1,600 hivi juu ya bahari. Ulimwengu wa nje haukulijua hadi mwaka 1938, pale Mmarekani Richard Archbold alipoliona kutoka angani. Wenyeji wake, Wadani, walikuwa wamelima humo kwa vizazi na vizazi, shoka zao zikiwa za mawe.

Kijiji nilichokizuru chaitwa Walesi, na si mbali na Wamena. Wamena yenyewe ndiyo iliyo mbali na ulimwengu. Barabara ya kuuunganisha mji huo na Jayapura, yapata zaidi ya kilomita 500, imekuwa ikijengwa kwa miaka mingi, na mvua na maporomoko huiharibu. Kwa hiyo saruji, mabati, mafuta ya gari, mchele na hata sabuni, sehemu kubwa hupandishwa kwa ndege. Bidhaa ifikapo dukani bei yake imeshapanda mara kadhaa kuliko pwani. Mtu ambaye mali yake ni kiazi na kuku atanunua nini hapo?

Mwenyeji wetu alikuwa ustadhi wa madrasa. Walesi ni miongoni mwa vijiji vya Wadani ambamo Uislamu uliingia katika miaka ya 1970, na una msikiti na madrasa. Mimi sikijui Kiindonesia, naye Kiarabu chake kilitosha. Hata hivyo nilifurahi kusikia maneno ninayoyajua: wao husema "kabar" nasi husema habari, husema "waktu" nasi twasema wakati, na dunia ni dunia kwao na kwetu. Wazee waliponipa mkono walisema "wa, wa, wa", na ustadhi akanieleza kwamba neno hilo ni makaribisho na shukrani kwa pamoja.

Nyumba zao huitwa honai. Ni ya mviringo, kuta zake za mbao, paa lake la nyasi nzito, mlango wake mfupi hata uiname sana ndipo uingie. Dirisha haina. Katikati pana meko, kwani usiku wa milimani una baridi inayoingia mifupani. Wanaume hulala honai yao, na wanawake na watoto yao. Usiku wa kwanza niliushukuru moto ule; kulipopambazuka macho yangu yalikuwa mekundu na kifua kimebana. Nikawaza juu ya mama anayepika katika moshi huo tangu ujana wake, na kitoto kichanga kinacholala kando yake. Kikohozi ndicho sauti niliyoisikia zaidi usiku, na wengi waliokuwa wakikohoa ni wanawake na watoto.

Chakula chao ni kiazi kitamu, ambacho Wadani hukiita hipere. Wanaume huchimba mitaro na kuandaa ardhi. Kupanda, kupalilia, kuvuna na kubeba ni kazi ya mwanamke. Hubeba kwa noken, mfuko uliosukwa kwa nyuzi za maganda ya miti, ambao mshipi wake hupita juu ya kichwa na mzigo ukaning'inia mgongoni, mfano wa kina mama wa bara kwetu na viondo vyao. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliuorodhesha mfuko huo kuwa urithi unaohitaji kulindwa. Nilimwona mama mmoja akishuka mlima na noken tatu: moja ya viazi, moja ya kuni, na katika ya tatu mtoto wake amelala.

Nilisalimiana pia na ajuza mmoja mkongwe, nikaona vidole vyake kadhaa vimekatika. Ustadhi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba zamani, alipofariki mtu wa karibu, wanawake na wasichana hukatwa kidole kuonyesha huzuni. Ada hiyo imekatazwa na imekoma, lakini mikono ya vikongwe yaikumbuka. Nilimshukuru Mola kwamba mjukuu wake aliyekaa ubavuni, akiwa na msahafu mdogo mapajani, alikuwa na vidole vyake vyote kumi.

Siku ya pili walitupikia kwa mawe. Huchimbwa shimo, likatandikwa majani, kisha mawe yaliyowashwa moto hadi yakawa mekundu hushikwa kwa miti iliyopasuliwa na kutiwa ndani, tabaka kwa tabaka, pamoja na viazi na mboga. Kwa majirani Wakristo nyama ya karamu hiyo ni nguruwe, mnyama ambaye Wadani tangu zamani humlipia mahari na kumalizia magomvi. Waislamu hutumia kuku, na shimo lao huwa mbali. Nilimuuliza ustadhi kama jambo hilo halitengi jamaa, kwa kuwa katika ukoo mmoja utamkuta Mwislamu na nduguye Mkristo. Akanijibu: "Tumetenganisha mashimo, hatukutenganisha udugu." Na kweli niliwaona wakipasua kuni pamoja.

Jibu hilo lina uzito kuliko nilivyodhani mwanzo. Maduka mengi ya Wamena ni ya wageni waliotoka visiwa vingine, na wengi wa hao ni Waislamu; mama wa Kidani utamkuta amekaa chini na mafungu yake ya mboga. Manung'uniko juu ya ardhi, biashara na utawala ni ya siku nyingi, na Septemba 2019 yaliripuka katika mji huo, wakafa watu zaidi ya 30, wengi wao wageni. Mwislamu wa Walesi basi huishi baina ya pande mbili: kwa damu ni Mdani, kwa imani ni ndugu wa mwenye duka. Wapo wanaomdhania amejiunga na wageni. Yeye hujibu kwa kubaki shambani kwake, akizungumza lugha ya babu zake na kushiriki misiba ya jamaa zake.

Jioni ya mwisho, mke wa ustadhi alituletea mgeni wake, mama kijana kutoka bonde la mbali zaidi. Tulizungumza mbele ya mkewe na watoto. Maneno ya mama yalipita kwa Kidani hadi kwa ustadhi, naye akanitafsiria. Alikuwa ametembea siku mbili na mtoto ndani ya noken ili amfikishe hospitali. Kwao lipo jengo la zahanati, lakini aghlabu halina muuguzi wala dawa. Mwaka uliotangulia mtoto wake wa kwanza alishikwa na kikohozi. Akangoja siku tatu akitumai muuguzi atarejea, kisha akaanza safari, na mtoto akamfia njiani.

"Safari hii," akasema, "alipokohoa mara ya kwanza tu, sikungoja."

Viazi vya msimu aliviacha ardhini bila mvunaji. Mtoto alikuwa amepata dawa, na alikuwa akinyonya wakati mama yake akizungumza. Nilitafuta la kumwambia nikakosa. Nilimwombea dua, naye akaitikia "wa, wa".

Enyi wazazi wenzangu, mimi nimeishi miaka hamsini na kitu nikidhani kwamba umaskini ni kukosa chakula. Walesi hawakosi kiazi, na mgeni hushibishwa. Walichokosa ni njia, muuguzi na dawa. Na katika kaunti zetu za pwani pia wako kina mama ambao uchungu wa uzazi huwashika mbali na gari na mbali na mkunga. Huo hauwi msiba wa mlima wala wa msitu peke yake. Ni kazi iliyo juu ya wenye madaraka, na iliyo juu yetu jirani zao. Tukisikia ambulensi ya kata haina mafuta, au zahanati haina mtu, tusingoje hadi tuitwe mazishini. Tuulize mapema, tuchange mapema.

Mke wa ustadhi alinipa noken nimpelekee mke wangu. Yeye huutilia mboga aendapo sokoni, na akiulizwa ameupata wapi, hueleza habari za yule mama aliyetembea siku mbili.

Mwenyezi Mungu amkuze mtoto yule, awape afya kina mama wa Walesi na wa kwetu, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.