Ubao wa Minneapolis, Sanduku la Kamukunji

Huku Minneapolis, mpiga gitaa akikwambia ubao wake wa pedali za kubadili sauti ameutengeneza mwenyewe, jua ameshika msumeno kwa mikono yake. Fundi huku ni ghali kuliko mbao. Wengi huanza na rafu ya IKEA. Zamani ilikuwa GORM, kisha ikaja HEJNE. Vibao vyake vimeachiana nafasi, kwa hivyo nyaya hupita chini na juu hubaki pedali tu. Unaikata, unaipaka rangi nyeusi, unabandika velkro, kazi imekwisha. Habari ya mfuniko haiwasumbui, maana ubao hutoka nyumbani ndani ya buti la gari na kurudi vivyo hivyo.

Nairobi kazi huanzia kwenye mfuniko. Bendi ikimaliza kupiga saa nane usiku, pedali zinarudi mtaani kwa bodaboda, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo sababu nilipokwenda likizo nilielekea Kamukunji, kwa mafundi wa bati wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni.

"Hili ni la shule gani, kijana?"

"La pedali za gitaa, mzee."

Hakucheka. Aliomba kuiona hiyo pedali. Nikampa moja ya Boss, upana milimita 73, urefu 129, akaibonyeza kwa kidole gumba na kuuliza waya zinaingilia wapi. Nikamwonyesha: ubavuni, kushoto na kulia. Basi akaongeza mwenyewe nafasi ya vidole viwili kati ya pedali na pedali, jambo ambalo wenzangu wa huku hulikumbuka baada ya kukata mbao. Ukingo wa bati aliukunja kuzunguka waya mnene usije ukakata mtu. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni bawaba. Badala ya pini ya kugongewa, alipitisha spoku ya baiskeli iliyopindwa kichwani. Ukiichomoa, mfuniko wote unatoka, na sanduku linakaa wazi miguuni pako jukwaani. Sijaona duka la muziki linalouza kitu hicho.

Bati tupu hutetema besi ikilia, kwa hiyo ndani nililaza plaiwudi, nyuma nikaiinua kwa kipande cha mbao ili mguu ufikie safu ya pili bila kukanyaga ya kwanza. Mfunikoni nikatia sponji ya godoro.

Kwenye umeme, hapo Wamarekani wametuacha mbali. Sisi tumezoea adapta moja yenye mkia wa plagi nyingi. Pedali ya kidijitali ikigawana mkia na ya distoshoni, amplifaya inavuma kama mzinga wa nyuki. Huku watu hununua pawasaplai ambayo kila tundu lina umeme wake wa volti 9, uliotengwa na wa mengine, na hujumlisha miliampia za pedali zao kabla ya kulipa. Ukitaka kuibeba kwenda nyumbani, soma maandishi ya nyuma. Iliyoandikwa 120V peke yake itaungua kwenye 240V za Kenya. Tafuta ya 100-240V. Na ukilazimika kununua adapta Luthuli Avenue, kumbuka pedali nyingi hutaka hasi iwe katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za ruta. Mwambie muuzaji aipime kwa mita ukiwa umesimama hapo hapo.