Sanremo: Mji unaokesha ukipima nyimbo

STESHENI ya garimoshi ya Sanremo imo ndani ya mlima. Ukishuka kutoka Genoa, baada ya mwendo wa takriban saa mbili pwanipwani, unalazimika kutembea ndani ya handaki refu hadi uanze kujiuliza kama umekosea njia. Reli ya zamani ilipita kando ya bahari, lakini mwaka wa 2001 ikahamishiwa chini ya ardhi, na ile njia ya kale ikageuzwa kuwa barabara ya baiskeli. Ukitokeza nje unapokewa na mitende, jua na harufu ya chumvi. Ilikuwa Februari 2025, wakati sehemu kubwa ya Ulaya imejikunyata kwa baridi, nami nikavua koti.

Mji huu uko kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Wakazi wake wamepita 50,000 kidogo tu. Eastleigh ingeumeza mji mzima na ibaki na njaa. Una bandari ya mashua za matajiri, kasino iliyofunguliwa mwaka wa 1905, na mji wa kale uitwao La Pigna, wenye vichochoro vyembamba ambavyo vingemfanya mwenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, ajihisi yuko kwao. Alfred Nobel, yule Mswidi wa tuzo, alifia hapa mwaka wa 1896. Lakini si hayo yanayowaleta watu mwezi wa Februari. Wanafuata nyimbo.

Kwa usiku 5 mfululizo, televisheni ya taifa ya Italia, RAI, huonyesha kutoka hapa mashindano ya nyimbo ambayo Waitaliano huyaita kwa kifupi Festival. Babu na mjukuu hukaa mbele ya runinga moja, kila mmoja na karatasi yake ya alama, wakigombana hadi usiku wa manane.

Msomaji aliyewahi kutembea Malindi au Watamu anajua jinsi Kiitaliano kilivyozoeleka huko; wapo wauza vinyago wanaokisema kuliko Kiingereza. Mwenyeji wangu Sanremo alikuwa dada mmoja wa Kigiriama, mzaliwa wa Malindi, aliyeolewa na Mwitaliano na kuishi huku miaka 19. "Kaka, wiki hii huku hapangwi arusi wala matanga," aliniambia huku akicheka. "Hata anayeugua husubiri Jumapili."

Alinipeleka kwanza kuona ukumbi wenyewe. Nilitarajia jumba la kutisha, kwa jinsi linavyoonekana kwenye runinga, na ngazi zake ndefu za kung'aa ambazo waimbaji huteremka wakiomba Mungu wasianguke. Kumbe Ariston ni sinema! Ndiyo, sinema ya mjini, iliyofunguliwa mwaka wa 1963, imebanwa na maduka katika barabara ya Via Matteotti, na miezi mingine huonyesha filamu kama sinema yoyote. Viti vyake havifiki 2,000. Barabarani vimepachikwa vibao vyenye majina ya nyimbo zilizoshinda, mwaka baada ya mwaka, na watu huvikanyaga wakienda kununua viatu.

Mashindano yalianzia mahali pengine, mwendo wa dakika chache kwa miguu, pale kasinoni. Ilikuwa Januari 1951. Vita vilikuwa vimeacha hoteli tupu, na mji ulitafuta jambo la kuwaleta wageni wakati wa baridi. Mfanyabiashara mmoja wa maua, Amilcare Rambaldi, alikuwa ametoa rai ya tamasha la nyimbo tangu mwaka wa 1945. Mara hiyo ya kwanza nyimbo zilikuwa 20, lakini waimbaji walikuwa makundi matatu tu: Nilla Pizzi, Achille Togliani na dada wawili walioitwa Duo Fasano. Waliimba zamu kwa zamu huku wageni wakila mezani, sahani na vijiko vikigongana. Redio ilirusha matangazo. Nilla Pizzi alishinda kwa wimbo wa kushukuru kwa maua, jambo ambalo wakulima wa hapa bila shaka walilipenda.

Hapo ndipo ilipo tofauti na mashindano tuliyoyazoea sisi. Wengi wetu tunakumbuka Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka wa 2006 na kumpa ushindi Valerie Kimani wetu, kisha taji likazunguka Afrika Mashariki hadi kwa Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka wa 2009 na Hope Irakoze wa Burundi mwaka wa 2013. Kule kijana alipimwa sauti yake zaidi kwa nyimbo za watu wengine. Akiimba vyema wimbo wa Whitney Houston, tulisema huyu ni nyota. Sanremo, kinachoshindana ni wimbo, na lazima uwe mpya. Kila mara mtangazaji hutaja watunzi na hata anayeongoza okestra, kwa maana okestra ipo pale chini ya jukwaa, hai, na fidla zake. Nani kwetu aliwahi kutangaziwa jina la mtunzi?

Mwaka wa 1958 ndio uliobadilisha kila kitu. Domenico Modugno, mwana wa kusini, alisimama akafungua mikono kama ndege anayeruka na kuimba wimbo ambao dunia nzima huuita "Volare". Waimbaji wa siku hizo walisimama wima, mkono kifuani. Wimbo huo ulishinda Sanremo, ukapata nafasi ya tatu tu katika mashindano ya Ulaya, kisha ukavuka bahari na kutwaa tuzo mbili kubwa za Grammy za kwanza kabisa, mwaka wa 1959.

Lakini kupimwa mbele ya taifa zima kuna upande wake wa giza, na watu wa Sanremo hawapendi sana kuuzungumzia. Mwaka wa 1967 kijana mmoja, Luigi Tenco, alileta wimbo kuhusu mtu anayeiacha shamba na kwenda kutafuta maisha asikokujua. Ulikuwa wimbo wa kufikirisha, si wa kuchezea. Uliimbwa naye na pia na Dalida, kama ulivyokuwa utaratibu wa enzi hizo wa kila wimbo kuimbwa mara mbili na watu tofauti. Ukatupwa nje kabla ya fainali. Usiku huohuo Tenco alikutwa amekufa katika chumba chake cha hoteli ya Savoy, na barua ikiwalaumu waliochagua nyimbo nyingine badala ya wake. Alikuwa na umri wa miaka 28. Festival iliendelea kesho yake.

Rambaldi, yule yule mtu wa maua, alianzisha baadaye, mwaka wa 1972, chama kilichoitwa Club Tenco. Chama hicho huandaa tamasha lake hapa hapa mjini, na humo waimbaji wanaotunga nyimbo zao huimba bila kushindana. Mimi nilisimama kidogo nikiwaza kuhusu mzee huyo: mtu aliyependekeza mashindano, kisha akatafuta namna ya kuimba bila mashindano.

Siku hizi mshindi huamuliwa kwa mafungu matatu. Katika duru ya mwisho ya mwaka wa 2025, kura za simu za wananchi zilikuwa asilimia 34, waandishi wa habari 33 na watu wa redio 33. Hesabu hii imezua mitafaruku. Mwaka wa 2019 Ultimo alipata zaidi ya asilimia 46 ya kura za wananchi, na Mahmood hakufika asilimia 15, lakini majaji wakampa Mahmood ushindi. Mama yake anatoka Sardinia, baba yake ni Mmisri, na katika wimbo wake mna maneno ya Kiarabu. Matteo Salvini, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wakati huo, aliandika hadharani kwamba yeye angemchagua Ultimo. Watu wakaacha kubishana kuhusu muziki, wakabishana kuhusu nani Mwitaliano.

Mwaka wa 2024 ikawa zamu ya Geolier, kijana wa Naples anayeimba kwa lugha ya mji wake. Fikiria mtu apande jukwaani Nairobi na Sheng tupu mbele ya wazee wenye tai. Aliposhinda usiku wa nyimbo za kale, ukumbi ulimzomea na wengine wakatoka. Katika fainali wananchi walimpa takriban asilimia 60 ya kura zao, lakini ushindi ukaenda kwa Angelina Mango. Hata hivyo sithubutu kusema binti huyo aliiba. Usiku ule wa nyimbo za kale aliimba wimbo wa babake, Pino Mango, ambaye mauti yalimkuta akiwa jukwaani mwaka wa 2014. Aliuimba na wapiga fidla wachache tu, polepole, bila kuulilia. Ni kazi ngumu hiyo.

Basi, Jumamosi ya tarehe 15 Februari tulikaa mkahawani kuona fainali, kwa kuwa tikiti za Ariston si za mfuko wa mwandishi. Nyimbo zilikuwa 29. Mkahawa ulijaa pomoni, na binti wa mwenyeji wangu, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa na karatasi ya alama iliyochorwa mistari kwa rula. "Shikamoo mjomba," alinisalimu kwa Kiswahili cha Malindi, kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Kwa sauti, hakuna aliyemfikia Giorgia, mshindi wa mwaka wa 1995. Anapanda juu kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake gizani, bila kupapasa. Wimbo wenyewe, kusema kweli, ulikuwa mdogo kuliko aliyeuimba. Simone Cristicchi aliimba kuhusu mama anayepotewa na kumbukumbu hadi mwana anageuka kuwa mzazi. Mkahawa ulinyamaza, mzee mmoja akafuta miwani. Nami niliguswa, ila nilipojaribu kuukumbuka mdundo wake asubuhi sikupata kitu; maneno ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Brunori Sas wa Calabria alimwimbia binti yake kwa utulivu wa mtu anayeongea barazani. Fedez alikuja na hasira yake na macho meusi, akapita.

Aliyenishika ni Lucio Corsi. Mwembamba kama ufito, uso umepakwa nyeupe, mabega ya nguo yamejazwa pakiti za viazi vya kukaanga ili yatune. Unajitayarisha kucheka. Kisha anaketi kwenye piano na kuimba kwamba alitaka kuwa mwanamume shupavu akashindwa, na sauti yake ni ya kawaida kabisa, na hapo ndipo utamu ulipo. Siku moja kabla alikuwa ameimba "Volare" pamoja na kikaragosi cha panya, Topo Gigio, bila kuufanyia wimbo ule dhihaka hata chembe.

Majina matano ya mwisho yalipotangazwa bila Giorgia, miluzi ilipasua runinga. Huku mluzi ni zomeo. Mwenyeji wangu alisimama, akarusha kitambaa mezani. "Dhuluma hii!" alisema. "Sauti kama ile, wa sita?" Mwanawe hakuinua uso. "Mama, ni mashindano ya nyimbo, si ya sauti." Mtaka yote huyo alikuwa upande wa Olly, kijana wa Genoa, mwenye sauti ya mikwaruzo kama aliyetoka kushangilia mpira. Na Olly ndiye aliyeshinda, akimpita Corsi kwa chini ya asilimia moja. Ilikuwa yapata saa nane usiku. Malindi ilikuwa saa kumi, wavuvi wameanza kuamka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia La Pigna. Njiani mama alinieleza kwamba binti naye huimba, na kwamba shuleni bado wapo wanaomuuliza ametoka wapi, ilhali amezaliwa hospitali ya hapo hapo chini. Mwaka wa 2019 alikuwa mtoto wa miaka 9. "Aliona jina la Mahmood, akauliza kama baba yake ni mgeni," mama alisema. "Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo ana daftari la nyimbo."

Kuna mashindano ya vijana yanayofungua mlango wa kwenda Ariston, lakini umri wake haujatimia. Nilimwomba atuimbie. Alikataa, akakubali, akakataa tena, halafu akaanza kuimba pale kwenye ngazi za mawe, taa moja tu juu yetu.

Kama jaji, nitasema aliuanza wimbo chini mno, hata maneno ya kwanza yakamezwa. Ubeti wa pili ulipanda vizuri. Kiitikio kilikuwa kirefu kupita kiasi, na pumzi ilimwishia mara mbili. Lakini katikati aliweka mstari mmoja wa Kigiriama, mfupi, akaurudia kwa sauti ya chini, na mamake akasimama ghafla.

"Huo sikukufundisha mimi," alisema.

"Ni wa nyanya," binti alijibu. "Aliniambia kwenye simu."